Skuta ya umeme ya baba imemzimikia njiani mara mbili: betri hii inaweza kwenda umbali gani kwa kweli?

BintiWaBarani ameuliza:

Asalaam aleikum ndugu zangu, na habari za jioni kwa wote.

Naandika nikiwa Barani, Malindi, nikihitaji msaada wa mtu anayezijua skuta za umeme za magurudumu manne, zile wanazotumia wazee na watu wasioweza kutembea mwendo mrefu. Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Mwaka juzi alipatwa na kiharusi, mguu wa kushoto ukabaki na udhaifu; ndani ya nyumba anatembea kwa mkongojo, lakini nje hawezi kupita nyumba tatu bila kutafuta mahali pa kukaa. Ndugu yetu aliyeko Uingereza alimtumia skuta iliyokwisha kutumika, ikaja kwa meli hadi Mombasa pamoja na vyombo vingine vya nyumbani, na kwa kuwa plagi ya Uingereza ni hii hii yetu ya meno matatu, na umeme wao hautofautiani sana na wetu, tuliichomeka ukutani siku ile ile na taa ya chaja ikawaka.

Kwa wiki mbili nyumba yetu ilichangamka. Baba alikuwa akienda msikitini mwenyewe, akirudi anapitia barazani kwa wenzake, na siku ya kliniki alikataa katakata tusimkodie tuktuk. Kisha Alhamisi moja, akirudi kutoka sokoni, skuta ilipunguza mwendo kwenye mwinuko mdogo, mistari ya betri ikashuka kutoka minne hadi mmoja, ikazima. Wavulana wawili walijaribu kuisukuma ikagoma, magurudumu yamekaza kana kwamba yametiwa kufuli. Ilibidi wawe wanne waibebe juu juu, na baba akaketi kwenye gogo la mnazi kando ya barabara, jua la saa saba likimpiga kichwani. Nilipofika aliniambia neno moja tu: "Sikuumia, mwanangu, ila nimekuwa mzigo." Mara ya pili ilikuwa Ijumaa iliyofuata, na tangu siku hiyo hatoki ila mimi nikiwa nyuma yake.

Kitabu cha skuta kinasema ni ya volti 24, yenye betri mbili za volti 12, kila moja ya ampea-saa 36, na kwamba inakwenda kilomita 30 kwa chaji moja. Mara ya kwanza ilizima baada ya kilomita kama 5, mara ya pili hazikutimia 4. Chaja nayo huwasha taa ya kijani baada ya saa mbili tu, jambo ambalo nililichukulia kuwa dalili njema. Duka moja limenishauri ninunue betri moja mpya niichanganye na moja ya zamani ili nipunguze gharama, na mtu mwingine amesema betri yoyote ya gari itafaa mradi iingie. Naomba mnisaidie kujua kama kosa ni la betri au la skuta yenyewe, na zaidi ya hayo, nijue namna ya kumhakikishia baba, kwa hesabu na si kwa kubahatisha, kwamba akitoka atarudi.

FundiWaNgala amejibu:

Waaleikum salaam dada, na pole sana kwa lililompata mzee. Nimekuwa nikitengeneza mitambo ya sola, baiskeli za umeme na viti vya magurudumu hapa Malindi kwa miaka kadhaa, na katika maelezo yako naona mambo mawili yaliyochanganyika ambayo ni heri tuyatenganishe, kwa sababu moja halihitaji hata senti.

Magurudumu kukaza si hitilafu. Skuta za aina hii zina breki ya sumaku-umeme kwenye mota, na breki hiyo hukaa imekamata wakati wote isipokuwa umeme unapopita kuiachia. Imeundwa hivyo makusudi ili umeme ukikatika kwenye mlima, skuta isirudi nyuma na mtu wake. Kwa hiyo betri ikizima, breki inakamata, na hata mkiwa kumi hamtaisukuma. Dawa yake ni wenzo mdogo ulio nyuma karibu na mota, ambao mafundi wengi tunauita leva, na mara nyingi hupakwa rangi nyekundu au ya manjano. Ukiugeuza, mota inaachia na magurudumu yanazunguka bure, hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuisukuma. Utafuteni leo, mzee mwenyewe aushike kwa mkono wake, na wavulana wa jirani waoneshwe. Lakini msiugeuze kwenye mteremko mzee akiwa amekaa juu, kwani hapo skuta inakuwa haina cha kuizuia, na mkimaliza kusukuma urudisheni mahali pake, kwa sababu skuta nyingi hazikubali kuondoka wenzo ukiwa umeachiwa. Nimewahi kuletewa kwa mkokoteni kutoka Muyeye skuta ambayo familia ilikuwa imekata tamaa nayo, na shida yote ilikuwa huo wenzo.

Sasa tuje kwenye betri. Ukizidisha volti 24 kwa ampea-saa 36 unapata wati-saa 864. Hicho ndicho kibaba chako, na kila kilomita inachota humo. Zile kilomita 30 za kitabuni hazikuandikwa kwa uongo, lakini zimetoka kwenye hesabu na si kwenye barabara ya Barani. Kiwango cha kimataifa kinachotumika kuzipima skuta hizi, ISO 7176-4, chenyewe kinaueleza umbali huo kuwa ni wa kinadharia, na hesabu yake inachukua betri mpya na ardhi ngumu iliyo tambarare. Juu ya hayo, ampea-saa za betri za risasi na asidi kwa kawaida hupimwa kwa kuimaliza betri polepole kwa saa 20, maana yake 36 zile hupatikana ukivuta ampea 1.8 tu kwa muda wa saa 20. Skuta iliyombeba mtu mzima inavuta mara kadhaa ya hapo, na betri ya risasi ikivutwa kwa nguvu inatoa pungufu ya kile ilichoahidi. Kwa betri nzima, kwenye kabro zetu na murram, mimi ningetarajia kilomita 15 hadi 20 mpaka ikauke, na kwa kuwa betri hizi huharibika zikikaushwa, ningemwambia mzee ahesabu nusu ya hizo kuwa ndizo zake.

Yeye amepata kilomita 5, kisha 4. Hapo betri zimechoka, na nadhani zilichokea safarini. Betri ya risasi ikikaa bila chaji kwa miezi, ndani yake hujengeka chembe ngumu za salfeti zinazoziba bamba zake, na sehemu iliyozibwa hairudi tena kwa urahisi. Ndiyo sababu taa yako inageuka kijani baada ya saa mbili. Mtungi uliojaa mchanga unajaa maji kwa kata moja; chaja inaona umejaa, inaacha kumimina. Betri nzima iliyotumika hadi nusu, kwa chaja ndogo kama hizi, huchukua saa nyingi, na ndiyo maana tunasema ilale kwenye chaji usiku kucha.

Usinunue kitu kabla ya kupima. Tafuta mita ya volti, hata ya bei nafuu, au njoo na fundi mwenye nayo. Chaji usiku mzima, chomoa, acha skuta itulie saa tatu au nne, kisha pima kila betri peke yake: iliyo nzima itasoma takriban 12.8, iliyo nusu 12.2 au 12.3, na iliyo chini ya 12 baada ya kuchajiwa usiku kucha ni mgonjwa. Ila kipimo hicho pekee kinadanganya, kwa sababu betri mbovu ikipumzika nayo husoma vizuri. Kipimo cha kweli ni cha kazi: mzee akae, apande mwinuko mfupi, nawe uwe umeshikilia nyaya za mita kwenye betri moja, kisha mrudie kwa ya pili. Ikiwa moja inabaki karibu na 12 na nyingine inazama chini ya 10.5, umempata mwizi.

Hata hivyo msibadilishe moja. Betri hizi zimefungwa mfululizo, mkondo ule ule unapita katika zote mbili, kwa hiyo ile kuukuu itakauka kwanza na kuburutwa na mpya, kisha wakati wa kuchaji mpya haitajaa vizuri huku kuukuu inachemshwa. Zinunuliwe mbili, za aina moja, za tarehe moja. Na betri ya gari isiingie humo kabisa: imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, haistahimili kumalizwa kila siku, na ile ya maji inaweza kumwaga asidi chini ya kiti cha mzee. Omba betri iliyofungwa, ya jeli au ya aina isiyomwagika, iliyoandikwa kuwa ni ya matumizi ya kina, yaani inayostahimili kutumiwa sana na kuchajiwa tena kila siku, kama zile za sola.

Kabla hujafunga kifuniko, gusa viunganishi vya nyaya mara tu baada ya safari, skuta ikiwa imezimwa. Kiunganishi chenye joto kuliko waya wenyewe kinakula umeme. Hapa kwetu upepo wa bahari huleta chumvi hadi ndani ya nyumba, na nimefungua skuta ambazo shaba yake imekuwa kijani kama jani la mwembe, betri zikilaumiwa bure.

MzeeWaShela amejibu:

Binti yangu, mfikishie baba yako salamu zangu na umwambie kwamba hilo neno alilolisema, la kuwa mzigo, nami nimelisema, nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha duka la watu nikingoja kuchukuliwa. Mimi natumia skuta hapa Shela ya Malindi tangu nyonga iliponishinda. Fundi amesema kweli tupu kuhusu betri, sina la kumkosoa, lakini kuna upande ambao mtu aliyekaa juu ya kiti ndiye anayeujua.

Hofu ya kuzimikiwa haiondoki kwa betri mpya peke yake. Mimi ilinichukua miezi. Mistari ile ya betri kwenye usukani inapima volti za wakati huo, basi ukipanda inashuka, ukisimama inapanda, na mtu asiyeijua tabia hiyo moyo unamwenda mbio kila kilima. Nilichofanya ni kuacha kuitazama nikiwa kwenye mwendo. Nasimama mahali tambarare, nahesabu hadi sitini, ndipo naisoma. Na kanuni yangu ni ya theluthi: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, na theluthi isiyoguswa, ambayo ni ya mchanga, upepo, barabara iliyofungwa na rafiki aliyeniomba nipitie kwake. Nikifika theluthi ya kwanza, hata kama mahali niendako ninapaona kwa macho, nageuza.

Vilevile nina kijana wa mkokoteni ninayemlipa siku nikimhitaji, na namba yake imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kiti, kwa sababu simu nayo huisha chaji. Kofia, chupa ya maji, basi. Sikubali kuvutwa kwa kamba na pikipiki. Fundi wangu alinikataza, akanieleza kwamba mota ikizungushwa kwa nguvu kutoka nje inageuka kuwa jenereta na inaweza kuunguza kidhibiti chake, yaani kifaa kinachoipimia mota umeme wake.

Sasa nitoe na hili, ingawa najua fundi huenda asikubaliane nami. Mwaka uliopita niliweka betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, ya volti 25.6, na sijajuta. Ni nyepesi mno ukilinganisha na zile mbili, ambazo mjukuu wangu alikuwa akiziinua kwa mgongo uliopinda, na haikasiriki ukiitumia zaidi ya nusu. Lakini yako mambo mawili yaliyonifunza adabu. Chaja ya zamani niliiweka kando nikanunua ya betri hiyo, na mistari ya usukani haina maana tena, kwa sababu volti za lithiamu hukaa palepale karibu safari nzima kisha huanguka ghafla mwishoni. Siku hizi nahesabu kilomita kwa simu, siangalii mistari.

FundiWaNgala amejibu:

Mzee wangu, shikamoo. Sipingi, ila kwa dada huyu ningesubiri. Betri ya lithiamu ina kifaa cha ulinzi ndani kinachokata umeme mkondo ukizidi, na kama hakikuchaguliwa kwa kuitazama mota, kitakata katikati ya mwinuko bila onyo, breki ikamate palepale. Kwa mtu ambaye moyo wake bado haujatulia, betri ya risasi inayochoka polepole ni mwalimu mpole zaidi. Kidhibiti cha skuta kikishajulikana kinavuta ampea ngapi, hapo wataamua.

MuuguziWaMambrui amejibu:

Mimi si wa skuta, ni wa baiskeli ya umeme, lakini hofu ni ile ile, hasa ukiwa umemaliza zamu ya usiku na hakuna mtu barabarani. Nakaa Malindi na kazi yangu iko upande wa Mambrui, kwa hiyo kila siku navuka daraja la Sabaki kwenda na kurudi, jumla kama kilomita 30. Betri yangu ni ya lithiamu, volti 36, ampea-saa 13, yaani wati-saa 468, na muuzaji aliniambia itakwenda 70.

Mwezi wa kwanza nilikuwa naandika kila safari kwenye daftari. Nikikanyaga pedali kwa bidii ya wastani, kilomita moja inakula wati-saa 10 hadi 12; nikikaa tu na kuvuta mkono wa mwendo, inafika 18 na zaidi. Kwa hiyo kwa kukanyaga naweza kufika kilomita 40, na kwa uvivu hazifiki 26, ambazo hazinirudishi nyumbani.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu ni upepo. Wakati wa kusi naenda kaskazini nikisukumwa mgongoni, nafika kazini betri ikiwa imejaa tele, najiona nimeshinda; jioni narudi uso kwa uso na upepo ule ule na betri inayeyuka. Kaskazi ikiingia mambo yanageuka, kwenda ndiko kugumu. Manahodha wa majahazi walizipanga safari zao za mwaka mzima kwa pepo hizi mbili, nami nimejikuta nazipanga kilomita zangu kwa pepo hizo hizo. Kilichonisaidia ni kupunguza mwendo, kwa sababu nguvu ya upepo unaokuzuia huongezeka kwa kipeo cha pili: ukiongeza mwendo kidogo, kizuizi kinaongezeka sana. Nikiupinga upepo kwa kilomita 16 kwa saa badala ya 25, narudi na akiba. Skuta ya mzee ni ya polepole, kwa hiyo upepo hautamsumbua kama mimi. Adui yake atakuwa mchanga na tairi lisilo na upepo wa kutosha. Tafadhali yapime matairi kila wiki kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, kwani tairi laini linakula betri kimyakimya.

Mara moja nilizimikiwa, karibu na daraja. Mistari ilikuwa mitatu. Nilidhani betri imekufa, nikasukuma kwa saa nzima, na kesho yake ikaonekana ni pini moja kwenye kiota cha betri iliyokuwa imeshika kutu ya kijani, nyembamba kama ukucha. Tangu hapo kila Jumapili nachomoa betri, nasafisha pini kwa kitambaa kikavu, napaka vaselini kidogo sana, na siioshi baiskeli kwa mpira wa maji wenye kasi. Betri naiingiza kivulini nikifika, naiacha ipoe kwanza ndipo naichaji, na siichajii chumbani wala kwenye njia ya mlango, kwa kuwa lithiamu ikishika moto unataka mlango uwe wazi kwa ajili yako.

KijanaWaLangoni amejibu:

Nawasalimu kutoka Lamu. Kwetu umbali si tatizo kubwa, maana mji wenyewe unautembea kwa miguu ukauona wote. Tatizo ni vipandio vya vichochoroni, na skuta ya mama yangu inatumika barabara ya pwani peke yake. Nataka kuongeza la maji ya chumvi tu. Siku ya bamvua bahari ilipanda ukutani ikamwagika barabarani, na skuta ikapita kwenye dimbwi lililofika chini ya betri. Haikuzima. Ilizima baada ya siku tisa. Ndani ya sanduku la betri fundi alikuta chumvi iliyokauka imejenga daraja jeupe kutoka ncha moja hadi nyingine, na umeme ulikuwa unavuja humo usiku na mchana. Kwa hiyo ikigusa maji ya bahari, chomoa betri siku hiyo hiyo, futa kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, ndipo urudishe. Na ikiwa ni betri ya lithiamu iliyozama kabisa, hata kwenye mashua, msiichaji tena. Iwekeni nje mbali na nyumba mpaka mjuzi aitazame.

BintiWaBarani amejibu:

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tatu kama nilivyopaswa, kwa sababu kila mliloandika tumelifanya.

Wenzo tuliupata chini ya kifuniko cha nyuma, mwekundu, umejaa vumbi, na siku hiyo baba aliugeuza na kuurudisha mara sita akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando yake. Wavulana wote wa mtaa sasa wanaujua. Kisha tulipima. Baada ya kuchaji usiku na kuacha itulie, betri ya kwanza ilisoma 12.7 na ya pili 12.5, nami nikaanza kudhani fundi amekosea. Lakini baba alipopanda mwinuko wa karibu na kisima, ya kwanza ilishuka hadi 12.1 na ya pili ikazama hadi 9.4. Niliona namba zikianguka kwa macho yangu. Tena kiunganishi kimoja cha waya mwekundu kilikuwa na joto la kuniondosha kidole, na tulipokichomoa tukakuta shaba yake ni kijani.

Tumenunua betri mbili za jeli za ampea-saa 36 kutoka Mombasa, zenye tarehe moja, na kiunganishi kimebadilishwa. Chaji ya kwanza ilichukua saa tisa, na kwenye mita ya tokeni yuniti zilizoliwa hazikufika hata moja. Halafu tukafanya jaribio: baba juu ya skuta, mimi na baiskeli ya kawaida nyuma, tukizunguka mitaa ya karibu ili tusiwe mbali na nyumba wakati wowote, kabro, murram na ule mwinuko mara nne. Tulisimama kila baada ya kilomita mbili, tukaiacha itulie nusu saa kivulini, tukasoma. Ilipofika kilomita 11.4, betri zote mbili kwa pamoja zilisoma 24.5, yaani zimefika nusu kwa vipimo alivyotupa fundi, na umbali umezidi kidogo hata alivyokadiria.

Baba aliichukua ile namba akakaa na kalamu jioni nzima. Msikitini kwenda na kurudi ni kilomita 1.6, sokoni 4, kliniki 6 na nukta kidogo. Ameziandika kwa mwandiko wake wa ubaoni kwenye kadi ngumu, ameifunga kwa mpira kwenye usukani, na chini yake ameweka mstari na kuandika 11, akisema hiyo ndiyo mpaka wake. Kanuni ya theluthi ya Mzee wa Shela ameipenda, ila yeye ameamua kuitumia ndani ya zile 11 na si ndani ya betri nzima, jambo linalonipa amani zaidi. Jumatano alikwenda sokoni peke yake. Nilibaki jikoni nikikuna nazi ile ile moja kwa saa nzima, mpaka niliposikia honi yake mlangoni.

Nimebakiwa na swali moja. Anataka Jumamosi aende ufukweni kuwatazama wavuvi wakishusha samaki, kama alivyokuwa akifanya zamani, na kwa simu nimepima kilomita 3.6 kwenda tu. Hesabu inakubali. Lakini akirudi akiwa ametumia kilomita 7 na kitu, nichaji siku hiyo hiyo au nisubiri hadi ishuke zaidi, maana nimesikia watu wakisema betri ichajiwe ikiisha?

FundiWaNgala amejibu:

Chaji siku hiyo hiyo, dada, hata kama ametumia kilomita 2. Huo ushauri wa kungoja iishe ulikuwa wa betri za zamani za nikeli na kadimiamu, na kwa betri ya risasi ni sumu, kwani kadiri inavyokaa na upungufu ndivyo salfeti inavyojengeka. Iache ipoe nusu saa kivulini, ichomeke, ilale hapo hadi asubuhi. Umeme ukikatika usiku, usihangaike. Ukirudi chaja itaendelea ilipoachia. Na ufukweni mzee abaki kwenye barabara ngumu juu, asiteremke mchangani, kwa sababu magurudumu yakizama, mota itavuta mkondo mkubwa kuliko ule wa mwinuko wako wa kisima, na hizo 7 zitageuka kuwa 10 kabla hajawafikia wavuvi.

BintiWaBarani amejibu:

Nimemsomea. Amesema kuna mti wa mkungu karibu na pale mashua zinaposhusha, ambapo barabara inaishia, na kwamba kutoka kivulini pake anaona mashua zote. Tutaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na safari hii mimi nitakuwa mbele.